Namba ya Kipara

Chanuo bado yuko pale pale tulipomwacha wiki jana, masikini: simu sikioni, mkono umekufa ganzi, povu la shampuu linamkaukia vidoleni. Upande wa pili sauti ya dada yake inatetemeka.

"Rudia," Chanuo alisema. "Amekuitaje?"

"Kipara. Nimepokea, akacheka kidogo, halafu akasema, habari za asubuhi, Kipara."

Chanuo aliketi kwenye kiti cha wateja.

Namba ile hata mama yao mzazi hakuwa nayo. Na jina lile, Kipara, halikuwahi kutamkwa na mtu. Lilikuwa sehemu moja tu chini ya jua: ndani ya simu ya Chanuo.

"Kasema nini kingine?"

"Kasema niandae chai. Anakuja."

"Ametaja mji?"

"Hajataja. Lakini unamjua. Akishapata uzi, hafumui vazi polepole, analichana."

Wewe uliyetufikia leo, kaa hapa nikueleze, hatutachukua muda. Dada mtu aliolewa na fundi simu, mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi na salamu kwa kila mpita njia. Mtaani walimwita mpole. Nyumbani, jioni moja, mpole huyo alizungusha nywele za mkewe kwenye kiganja mara moja, mara mbili, akavuta. Nywele za upande wa kushoto zikatoka na ngozi yake.

Chanuo ndiye aliyemwosha dada yake kile kidonda. Ndiye aliyemnyoa zilizobaki, kwa mkono uleule unaosuka vichwa vya watu. Akamtafutia kazi mji mwingine, kwenye nyumba kubwa ya wageni, kufua mashuka. Na namba yake mpya akaificha.

Aliificha kisusi. Chanuo hawaandiki wateja kwa majina, maana nusu yao ni Mama Fulani na nusu nyingine wanabadili majina kila wakiolewa. Anawaandika kwa vichwa. Ukifungua simu yake unakuta Mvi za Mbele, Kisogo Kirefu, Analia Akichanwa, Rasta za Ijumaa. Basi dada yake akamtia katikati ya vichwa vile, kwa kichwa alichokuwa nacho. Kipara. Akajiona mjanja kupita sungura.

"Toa laini hiyo uivunje," alimwambia sasa. "Nunua nyingine. Nitumie meseji ukishaipata. Safari hii siandiki jina lolote, nitaishika kichwani."

"Mdogo wangu, atanipata?"

"Hakupati."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima. Alipokata simu, aliiangalia ile simu kama mtu anavyomwangalia paka aliyemkuta jikoni mfuniko umefunuka.

* * *

Mlango wa pili kutoka saluni, chini ya mwavuli, huuza vocha mama mmoja asiyeshindwa na simu yoyote. Watu humwita Mama Vocha. Aliipokea simu ya Chanuo, akaisogeza mbali na macho, akaanza kuipekua.

"Hii nani kakuwekea? Safisha Simu."

"Shemeji."

"Shemeji yupi?"

Chanuo alitazama benchi la saluni yake. Mama Vocha alishusha simu taratibu.

"Yule yule?"

"Alikuja baada ya Dada kuondoka. Macho mekundu. Akasema, shemeji, ukimpata mwambie nimemsamehe."

"Amemsamehe. Yeye."

"Akaona simu yangu inasuasua. Akasema, shemeji, nzito hivi? Lete nikusafishie. Akakaa benchi lile pale. Kila swali lililotokea kwenye kioo akabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Mimi nikamchemshia chai. Nikamwambia asante."

Mama Vocha alimgeuzia kioo.

"Haya, soma mwenyewe. Majina na namba zako: imeruhusiwa. Hii haisafishi kitu, mwanangu, inakusafisha wewe. Kila namba unayoandika humu inamfikia kabla hujaurudisha mkono."

"Lakini sikuandika Dada. Niliandika Kipara."

"Na yeye alipoona Kipara akajiuliza nini? Msusi gani ana mteja asiye na nywele?"

Chanuo alifumba macho. Kumbe alikuwa amemficha dada yake kwa kumwekea taa.

"Nikiandika namba mpya leo, ataiona?"

"Nimekwambia ataiona. Pengine simu yake inalia kabisa, tii, kumwambia shemeji ameongeza mtu. Ngoja nifute. Nabonyeza hapa, yanakwisha."

Kidole cha Mama Vocha kilikuwa kimeshashuka Chanuo alipomkamata kifundo cha mkono.

"Acha."

"Niache nini?"

"Acha iendelee kusafisha."

Mama Vocha alimtazama. Wanawake hawa wamekaa jirani muda mrefu, wamezoeana kwa vicheko na masengenyo. Uso huu hakuwahi kuuona.

"Mwanangu, toa kwanza mdudu kwenye nguo. Hasira utavaa baadaye."

"Ameniingilia simu yangu akamtafuta dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nikifuta, atajua nimejua. Atatafuta njia nyingine na mimi sitaiona. Sasa hivi anasoma kila ninachoandika." Chanuo aliichukua simu yake. "Basi nitamwandikia."

* * *

Kulikuwa na mteja mmoja, yule Mvi za Mbele. Mama mnene, sauti ya kuamrisha, anayependa habari kuliko anavyopenda kukaa. Tumwite Shangazi, kwa sababu hivi karibuni alikuwa na kazi moja tu mdomoni: kumwoza mtoto wa kaka yake. Na wiki chache nyuma, kichwa chake kikiwa kwenye beseni, alimtaja bwana harusi. Fundi simu. Mpole. Ana duka lenye kioo.

Siku ile Chanuo alimtambua shemeji yake, akaendelea kuosha nywele. Maji yalikuwa ya moto kidogo kuliko kawaida, hilo nakubali.

"Si umwambie tu huyo mama?" Mama Vocha aliuliza.

"Nimwambie nini? Yeye anamwona malaika mwenye bisibisi. Mimi nitaonekana shemeji mwenye kijicho. Ataitwa aulizwe, atalia, watampa maji ya kunywa na kunilaani mimi. Hapana. Nataka ajimalize kwa mdomo wake, mbele ya watu wake."

Mchana huo meseji iliingia kutoka namba ngeni. Ni mimi. Niko salama. Chanuo alizikariri tarakimu akizitembeza midomoni kama mtoto anayetumwa dukani. Hakuandika jina.

Kisha akampigia Shangazi, akamwambia Jumamosi asubuhi ana nafasi, na aje na bibi harusi wachague mtindo.

* * *

Jumamosi walifika mapema. Bibi harusi alikuwa binti mtaratibu mwenye nywele ndefu nzuri, za kumtia msusi yeyote tamaa. Aliketi benchi, akaanza kufunua kitabu cha picha za mitindo. Shangazi alijimwaga kitini.

Chanuo alimfunga taulo. Akampaka mafuta ya mgando kuzunguka paji, kisogo na masikio, mengi, zaidi ya kawaida, maana dawa ya kulainisha nywele ikigusa ngozi huunguza.

"Umenipaka hadi ndani ya sikio," Shangazi alilalamika.

"Nakulinda, Shangazi."

Kabla hajavaa glavu, alichukua simu yake kama mtu anayetazama saa. Akayafuta majina mawili, Kipara na Mvi za Mbele. Akaongeza jipya: Kipara mpya. Na pembeni yake, polepole, tarakimu kwa tarakimu, akaandika namba ya Shangazi. Mambo ya posa yalikuwa yamepitia kwa wazee wa kiume. Bwana harusi hakuwahi kumpigia mama huyu. Hilo Chanuo alikuwa amelichimba mapema, kati ya msuko mmoja na mwingine.

Alihifadhi. Akavaa glavu. Akaanza kupaka dawa.

"Na bwana harusi hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, na ni mtu, nakwambia. Mgane. Mkewe alifariki."

"Pole yake. Alifariki kwa nini?"

"Kichwa," Shangazi alisema. "Alisema kichwa kilimsumbua siku mbili tatu, akaenda. Alipokuwa anatusimulia alilia, hadi baba yake huyu binti akamshika bega."

Chanuo aliendelea kupaka.

Dawa ilifika kisogoni. Hakuna kilicholia. Ikafika kati. Kimya. Chanuo alianza kuona mpango wake unanyong'onyea. Labda hakuona. Labda leo hayupo dukani.

Mkoba wa Shangazi ukalia.

"Namba siijui," alisema binti, akiitoa simu.

"Ipokee. Weka spika, mimi masikio yangu yamekaangwa."

Binti alibonyeza, akaiweka simu kwenye rafu ya kioo, katikati ya machanuo.

"Kipara."

Sauti ilikuwa laini, ya kumbembeleza mtoto. Binti aliinua kichwa. Aliijua. Alifungua mdomo kwa tabasamu, akidhani anatafutwa yeye.

"Umebadili laini ukadhani umebadili mume," sauti iliendelea. "Nikwambie kitu? Mdogo wako hana siri. Simu yake iko mfukoni mwangu. Akiandika, nasoma. Kwa hiyo kimbia, badili, jifiche, mimi nakaa hapa dukani nakunywa maji yangu, nakuona."

Shangazi alitaka kugeuka. Chanuo aliweka kidole chenye dawa mbele ya midomo yake mwenyewe. Subiri.

"Mimi naoa. Watu wenyewe wanyoofu, wanaamini wanachoambiwa. Nimewaambia umekufa. Wamelia vizuri tu. Sasa ukijitokeza hapa kabla sijaoa, nitawafanya wasiwe wamelia bure. Umenisikia? Upande wa kushoto nilikutoa kwa mkono mmoja. Wa kulia bado unanidai."



Binti alisimama. Kitabu cha mitindo kilimwanguka miguuni, hakukitazama. Aliinama kwenye simu.

"Wa kulia wa nani?" aliuliza.

Akaisogelea zaidi.

"Wa kulia wa nani, pumzi yangu? Si ndivyo ulivyoniita jana?"

"Mpenzi," sauti ilisema, na ulaini wote ulikuwa umeondoka, yamebaki makohozi. "Mpenzi, ni, nilikuwa na rafiki yangu hapa, tunataniana. Namba hii ya nani?"

"Yangu," alisema Shangazi.

Halafu, wasomaji wangu, yule mtu alifanya kitu ambacho Chanuo atakicheka hadi azeeke.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Endelea. Ulikuwa umefika upande wa kulia."

Simu ilikatika.

"Shangazi, dawa inakuunguza," Chanuo alisema. "Njoo nikuoshe."

"Iache iunguze. Nafikiri." Mama yule alimtazama Chanuo kwenye kioo, na macho yake hayakuwa ya mjinga. "Namba yangu kaipata wapi?"

"Kwangu."

"Na Kipara ni nani?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Yule marehemu."

"Yuko hai, anafua mashuka. Nisamehe, Shangazi, nimekutumia. Ningekueleza kwa mdomo usingeniamini."

Shangazi alifikiri kidogo tena, machozi ya dawa yakimtoka.

"Kweli," alisema. "Nisingekuamini. Ningekutukana, tena kwa sauti. Nioshe sasa, nina safari ya kwenda kwa kaka yangu."

Ni yule binti aliyewashangaza. Aliketi kwenye kiti cha pili, akazifungua nywele zake zote zikamwagika mgongoni.

"Nikate," alisema.

"Zote hizi?"

"Zote. Mkono usipate pa kushika."

* * *

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umejua. Wazee wa upande wa bibi harusi waliingia dukani kwa bwana harusi, na walioona wanasema walipewa viti wakakataa. Walizungumza kwa sauti ndogo. Walipotoka, mmoja alifuta viatu vyake mlangoni. Alivifuta anapotoka, si anapoingia.

Chanuo angeweza kutosheka hapo. Angefuta ile programu, akaosha mabeseni yake, akalala. Lakini kisasi ni kitu kitamu, na yeye alikuwa amekaa na njaa muda mrefu. Alitaka kumwona.

Aliiacha simu kwenye chaji, akavua aproni, akatembea hadi mtaa wa maduka. Akasimama upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha ukuta, akamtazama.

Shemeji alikuwa nyuma ya kioo chake, kichwa kimeinama, anabonyeza simu. Duka halina mteja. Jirani yake muuza viatu amempa mgongo. Chanuo alimtazama kwa raha, kama mtu anayekunywa maji baridi bila haraka. Dada angekuwepo, alifikiri. Dada angeuona mgongo huo uliopinda.

Shemeji aliinua uso. Akamwona. Akatabasamu.

Chanuo naye akamrudishia tabasamu lote, meno na ufizi. Kisha akageuka akaenda zake.

Wateja wa Jumamosi hawamngojei mtu afurahi. Alisuka, akaosha, akakausha, na kila aliyeketi alitaka asimuliwe upya pale penye shikamoo. Alisimulia, akikoleza kila mara. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Mama Vocha alipoingia kuomba maji ya kunywa.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Amebaki yeye na bisibisi zake. Akanitabasamia, mshenzi, eti asionekane ameumia."

Mama Vocha hakunywa.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anabonyeza simu."

"Mtu kavunjiwa harusi mbele ya watu, kakaa anabonyeza simu, kakuona wewe uliyemvunjia, akatabasamu." Mama Vocha aliweka kikombe chini. "Leta hiyo simu."

Waliifungua pamoja. Safisha Simu. Majina na namba zako: imeruhusiwa. Mama Vocha alisukuma ukurasa juu kwa kidole, na chini ya mstari ule kulikuwa na mistari mingine, ambayo siku ile wote wawili hawakuisoma kwa sababu walishapata walichokitafuta.

Mahali ulipo: imeruhusiwa.

Kusoma meseji zako: imeruhusiwa.

Kutuma meseji kwa niaba yako: imeruhusiwa.

"Mungu wangu," Mama Vocha alisema taratibu. "Majina ndiyo yaliyokuwa yanamlilia, akatosheka nayo. Leo ulipomcheza shere akaenda kupekua kwingine."

Chanuo alikuwa ameshafungua meseji. Namba aliyoikariri, ile isiyo na jina, ilikuwa ya kwanza kabisa. Chini ya yale maneno ya dada yake, ni mimi, niko salama, kulikuwa na maneno yake yeye Chanuo. Yeye ambaye hakuandika hata herufi.

Dada mpendwa, mambo yameisha. Harusi imevunjika na yule mtu ametoroka mji. Njoo leo leo, nitakupokea stendi, lango la nyuma. Mdogo wako.

Imetumwa adhuhuri. Wakati yeye amesimama kivulini anakunywa raha yake, yule aliyeinama nyuma ya kioo alikuwa anaandika kwa jina lake.

Na chini yake, jibu la neno moja. Nakuja.

Kutoka mji ule hadi huu, mtu aliyepanda basi mchana jioni anashuka.

"Mpigie," Mama Vocha alisema. "Kwa simu yangu, hiyo weka chini."

Vidole vya Chanuo vilikosea mara ya kwanza. Mara ya pili ikaita. Ikaita. Ikaita. Ikapokewa, na nyuma ya pumzi ya dada yake akasikia honi, wapiga debe, masanduku yakiburutwa.

"Dada, uko wapi?"

"Nimeshuka sasa hivi."

"Sikiliza. Usiende lango la nyuma. Ingia penye watu, ingia chumba cha tiketi, nakuja. Ile meseji si yangu. Si mimi niliyeandika, Dada, ni yeye."

"Najua."

Chanuo aliibana simu sikioni.

"Unajua nini?"

"Wewe na mimi tumelala kitanda kimoja hadi nimeolewa," dada yake alisema. Sauti haikutetemeka tena. Ilikuwa ile ya zamani, ya kumtuma Chanuo maji na asibishe. "Lini umewahi kuniita dada mpendwa? Ukiniita vizuri sana huwa unaniita Dada, basi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Ameniomba nije. Nimekuja."

"Dada, atakuua."

"Anapenda lango la nyuma kwa sababu hakuna watu. Na mimi nalipenda kwa hilo hilo, tutaongea vizuri. Nikuulize. Alipokuja kunioa, alituambia yeye ni nani?"

Chanuo alilazimika kufikiri. Ilikuwa zamani, chumba kimejaa wageni, yeye binti mdogo anapitisha vikombe.

"Mgane," alisema. "Alisema mkewe alifariki."

"Kwa nini?"



"Kichwa," alisema.

"Kule ninakofua, kuna mama tunashika naye shuka moja kulikamua, yeye upande huu, mimi upande ule. Mkimya. Hatukuwahi kuulizana. Juzi yule mtu aliponipigia nikavunja laini, nikalia mbele yake, kilemba kikanidondoka. Akaniangalia kichwa. Hakusema pole. Akavua chake." Dada yake alivuta pumzi. "Upande wa kushoto, mdogo wangu. Pale pale. Kama vile tumepigwa muhuri mmoja."

Mama Vocha, aliyekuwa ameweka sikio karibu, aligusa kichwa chake upande wa kushoto.

"Tumeshafika lango la nyuma. Yuko hapa pembeni yangu, anakunywa soda," dada yake alisema. "Kimya sasa. Namwona anakuja. Usikate, sikiliza tu."

Chanuo alisikia nguo ikikwaruza simu, kama imetiwa kwenye kanga au mkoba. Honi zilikuwa zimebaki mbali. Hatua zilikaribia, za viatu vizuri, taratibu, bila haraka.

"Mke wangu," ile sauti laini ilisema. "Karibu nyumbani."

Chupa iliwekwa chini, kioo kikagonga saruji.

Halafu sauti ya mwanamke mwingine, kavu, ya mtu asiyezoea kuongea.

"Pole kwa msiba wangu, baba."

Chanuo alisikia viatu vile vizuri vikirudi nyuma hatua moja. Kisha miguu ikaanza kukimbia, miguu mingi kuliko ya watu watatu, na kabla hajajua inakimbilia wapi, simu ilikatika. Ilikuwa miguu ya nani, nitakwambia wiki ijayo.